Chai ya Mama Okiror

Nimepona. Naanza na hilo ili wewe unayesoma huku umeshika kikopo cha mate usihangaike na mwisho wa habari yangu. Siku hizi ninakula ugali, kidogo kidogo, nikiutafuna mpaka wanangu wanachoka kunitazama, na kipimo cha mwisho nilichofanyiwa kilikuwa safi. Daktari hapendi nilitumie neno hilo la kupona. Anasema tuendelee kuangalia. Lakini mimi ni muuza dagaa wa Busia, na mzigo wangu ukifika nasema umefika.

Kuhusu saratani ya koo la chakula wapo watakaokueleza vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kueleza jinsi nilivyotoka na uhai wangu, na jinsi nilivyomharibia jina mwanamke aliyenisaidia kuupata. Hilo la pili halijaisha, na ndilo linaloninyima raha hata siku ambazo chakula kinashuka vizuri.

Ilianza msimu wa kupanda karanga. Mimi na mume wangu Okiror tunakaa mjini Busia, upande wa Uganda, yeye akifanya kazi ya kupakua malori kule Malaba na mimi nikileta dagaa kutoka Majanji. Kwao ni Mella, wilaya ya Tororo, na kila mvua zikianza huwa tunakwenda kumsaidia mama yake shambani. Mchana ule tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha jiko tukila ugali wa mtama na muhogo. Tonge moja likasimama katikati ya kifua. Nikanywa maji, maji nayo yakarudi juu. Mama mkwe akanisugua mgongo, akasema nakula kama mtu anayefukuzwa. Tukacheka.

Baada ya hapo ulikwama wali, kisha viazi, kisha mkate hata nikiuchovya. Nguo zikaanza kunipwaya. Sokoni wateja wakanipongeza. "Nabwire, unakula nini siku hizi, nasi tuige?" Nikawajibu kwamba ni siri ya warembo, nikageuka kutema mate. Msimu mzima nilimeza dawa za vidonda vya tumbo kutoka duka la dawa, kwa sababu hospitali kuna foleni na dagaa hawangoji. Usifanye kama mimi. Chakula kikikukwama leo, na wiki ijayo kikakwama tena, nenda wakuangalie kwa kamera.

Chumba cha kungojea kamera kilikuwa na mabenchi mawili marefu, na karibu kila mtu alikuwa na kikopo. Watu wa ugonjwa huu hatuzungumzi sana, mate yenyewe hayashuki. Nilikuwa nimejifunika leso usoni kwa aibu. Mwanamke aliyekaa kando yangu, mtu wa Nambale aliyevuka kutoka Kenya, akaivuta leso polepole na kuniwekea chini ya kidevu. "Hapa sote tunatema, dadangu," akasema. "Aibu iache huko nje kwa askari wa mlangoni." Halafu akanifundisha kulala na mito mitatu ili mate yasinipalie usingizini. Mpaka leo nalala hivyo. Simu yake sasa hupokewa na binti yake, na nilipomwambia binti huyo kwamba mimi naendelea vizuri, nilijiona kama mtu aliyeruka foleni.

Majibu tulipewa mimi na Okiror pamoja. Daktari alikuwa kijana mtaratibu, hakuzungukazunguka. Akasema ni saratani, ila uvimbe bado ni mdogo na tiba ipo Kampala. Akaniuliza ninavyokula na ninavyokunywa, kisha akaniuliza kuhusu chai, kama huwa naingoja ipoe. Mimi nikacheka, na hapo lazima nikueleze kwa nini nilicheka.

Kwa kina Okiror, chai hainywewi ikiwa imetulia. Nilipofika pale nikiwa bibi harusi, msichana wa Kisamia kutoka huku kwetu ziwani kwenye boma la Waiteso, mama mkwe alinipa kikombe kilichotoka motoni, maziwa bado yanafura. Nikakiweka chini kipoe. Shangazi wa Okiror akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili ili nisikie, "Huyu msichana naogopa mkono ya mama yetu." Huku kwetu mtu anayeacha kinywaji kikae anaonekana anahofia kwamba kuna kitu kimetiwa ndani. Habari za sumu tumekua nazo wote, Wasamia na Waiteso. Nikakiinua kile kikombe nikanywa mpaka machozi yakatoka. Mama mkwe akacheka, akanipiga paja, akasema huyu ni wangu. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu wawili. Kikombe cha kwanza na cha moto kuliko vyote kilikuwa changu, na nilikimaliza kabla wanawe hawajaanza kupuliza vyao. Nilijisifu kwa hilo. Hata huko Busia, ambako yeye hakuwepo, nilikunywa hivyo hivyo kutoka kwenye chupa, nimesimama, magunia yakipakiwa. Vikombe vya Busia ni vingi kuliko vya Mella. Hilo nalisema sasa. Wakati ule sikulisema.

Daktari akatueleza hivi: "Chai ya moto sana, ukiinywa hivyo miaka mingi, inaweza kuchangia. Pombe pia, na sigara, na kukosa mboga na matunda. Lakini kwako wewe mwenyewe, mama, siwezi kukwambia ni kipi. Pengine ni chai, pengine siyo. Wapo wanaoinywa hivyo maisha yao yote na hawapati kitu." Nilimsikia vizuri. Okiror naye alimsikia.

Kabla ya kwenda Kampala, ukoo ulikusanyika Mella kuniombea. Katekista alisali, kisha chungu cha ajono, pombe yao ya ulezi, kikawekwa katikati, wazee wakakaa na mirija yao mirefu, na mama mkwe akawa anazunguka na birika akiongeza maji ya moto kwenye pombe kama inavyofanywa. Akawahudumia wote. Mwisho akaniletea mimi chai, kwenye kikombe changu, moja kwa moja kutoka motoni. Siku hiyo nilikuwa sijaweza kumeza hata mate yangu. Nilikuwa na njaa, njaa ya kuona watu wanakunywa na kucheka mbele yako, na nilikuwa na hofu ya Kampala ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Akasema kwa upole, "Kunywa, mtoto yangu. Chai nafungua koo."

Nikasema, kwa sauti iliyofika kwa kila mtu, "Mama, hii chai yako ndiyo imeniua. Daktari amesema."

Shangazi akautoa mrija mdomoni. Wengine nao wakaitoa, mmoja baada ya mwingine, wakitazama kile chungu ambacho mkono uleule ulikuwa umekimiminia maji. Mama mkwe alibaki amesimama na kikombe. Kisha akaimwaga chai kando ya njia, akaingia jikoni, na hakutoka tena mpaka tulipoondoka.

Tukiwa njiani Okiror aliniambia, "Daktari alisema pengine."

"Pengine yake itanisaidia nini?" nikamjibu.

Nami nitakwambia ukweli kuhusu ubaya wangu: ile pengine ilikuwa inanitesa kuliko saratani. Nilitaka awepo aliyenifanyia. Kuugua bila mtu wa kumlaumu ni upweke mkubwa, na mama wa watu alikuwa karibu, na alikuwa ameshika kikombe.

Kampala ilikuwa mionzi na dripu, dripu na mionzi. Waliniwekea mpira tumboni wa kupitishia chakula, kwa sababu koo lingevimba zaidi kabla ya kutulia. Ngozi ya kifua ikawa nyeusi na kubanduka. Mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu. Harufu ya kitunguu kikikaangwa kwenye nyumba za jirani ilinitapisha, mimi niliyelala miaka yote na harufu ya dagaa bila kulalamika. Okiror alilala chini ya kitanda changu kwenye mkeka, na asubuhi aliamka akinitania kwamba bosi wake wa Malaba hajawahi kumpa chumba kizuri hivyo. Zipo siku nilitamani anigombeze kwa ajili ya mama yake. Hakunigombeza. Aliosha kikopo changu na kukirudisha.

Tulirudi Busia wakati watu wanavuna karanga za msimu wa pili. Binti yetu Amoit alikuwa shule ya bweni Tororo, Okiror alipaswa kurudi kazini, na mama yangu mzazi alikwisha kufa. Nikawa nawaza ni nani wa kunimiminia uji tumboni. Asubuhi ya pili nikasikia mtu anabisha hodi kwa Kiteso. Alikuwa mama mkwe, na kikapu cha mboga za dodo, unga wa ulezi na mapapai.

Hakutaja lolote. Aliuliza jinsi ya kutumia ule mpira, nesi wa kliniki akamwonyesha mara moja tu, na mara moja ikamtosha. Aliuchuja uji kwa kitambaa safi, akaungoja upoe, akadondosha tone kwenye kifundo cha mkono wake. Kisha, kila mara, kabla ya kuutia kwenye bomba la sindano, alichota kijiko kimoja, akanitazama machoni, akakimeza. Mimi nilidhani anapima joto mara ya pili. Nilimwonea huruma kwamba nimemtia uoga wa moto mpaka anapima hivyo. Nilitaka kumwomba msamaha, na kila siku nikajiambia nitaongea kesho, koo likiwa na nguvu. Koo lilikuwa na nguvu za kutosha kumwambia Okiror kwamba dodo zimekosa chumvi, ingawa zilipitia tumboni na sikuzionja.

Alinisafisha kidonda cha mpira. Alinikata kucha. Mikono yangu ilipokosa nguvu alinifunga leso kichwani, akisema nisiwatishe wageni. Koo lilipoanza kufunguka alinipa papai lililopondwa, kijiko kidogo, na lilipopita bila kukwama alikaa chini sakafuni akasema "eyalama noi", asante sana, akimwambia Mungu na siyo mimi.

Bibi yake alikuwa amerudi Mella kwa siku chache kutazama nyumba yake, na Amoit alipofunga shule alimpitia huko, wakaja pamoja. Bibi yake alibaki sokoni kununua limau, yeye akatangulia kuingia. Alikaa kwenye kitanda changu, hakunisalimu vizuri.

"Mama, unajua watu hawanywi kitu kwa jaja?"

Jaja ndivyo anavyomwita bibi yake. Nikamuuliza ana maana gani.

"Kwa jirani kulikuwa na matanga. Jaja alikwenda kusaidia kupika kama kawaida. Wakamtoa birika mkononi, wakamwambia mama, wewe pumzika, kaa pale. Kanisani pia hivyo hivyo. Wanasema ulitiwa kitu kwenye chai."

"Nani anasema?"

"Wanasema wewe ulisema. Mbele ya watu." Akaanza kulia, na hasira ikiwemo. "Nilipofika aliniletea maji ya kunywa. Akayanywa kwanza yeye, ndiyo akanipa. Mimi, mjukuu wake. Nikamuuliza, jaja, kwa nini? Akasema ndiyo vizuri, ili mtu asisumbuke moyoni."

Basi nikakielewa kile kijiko. Kwa muda wote ule, nyumbani kwangu, akiniuguza, alikuwa ananithibitishia kwamba uji wake hauna sumu. Nami nilikuwa nikimeza huruma yangu na kujiona mwema. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia mchana ule. Nilikuwa nimemaanisha moto, na watu wa Mella walisikia kile ambacho mtu yeyote wa huku angesikia, na nilikaa miaka yote hiyo miongoni mwao nikijua kabisa chai iliyoachwa ikae ina maana gani. Sikuwa mgeni wa kusema sikujua.

Mpira ulipotolewa na nikaweza kumeza vitu laini, nilimwomba Okiror awaite watu walewale, kwenye uwanja uleule, baada ya ibada ya kushukuru mavuno. Mama mkwe hakutaka. "Wacha tu," alisema. "Maneno iko kama moshi, utafukuza naingia tena." Nikamsihi anipikie chai. Akapika. Akaileta kutoka motoni kama zamani, maana sikuwa nimemwambia vingine, na hapo nikaona ugumu niliojitengenezea. Singeweza kuinywa ikiwa moto. Ili nimsafishe ilinibidi kukiweka kikombe chini kikae, na watu wote wakitazama.

Nikakiweka. Nikasimama kando yake nikaongea. Niliwaeleza daktari alivyosema, na safari hii sikuiacha pengine yake. Niliwaeleza habari za vikombe vya Busia. Nikawaambia aliyonieleza nesi: chai na uji vingoje mpaka kidole kivumilie, mboga za majani na matunda viliwe kila siku na si siku za wageni tu, karanga zilizoota ukungu zitupwe hata kama moyo unauma, na pombe ipunguzwe.

Mzee mmoja akauliza kwa huzuni ya kweli, "Sasa na mrija tuache?"

"Mzee, ukiweza kuacha utakuwa umefanya vizuri zaidi. Ukishindwa, punguza, na hayo maji ya moto yangoje kwanza."

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa anakitazama kikombe. "Kwa hiyo wewe nasema hakuna kitu iliwekwa?"

"Hakuna, shangazi. Nilisema vibaya. Nilikuwa naumwa na nikataka kumuumiza mtu."

"Na mbona wewe bado nangojea kunywa?"

"Nangoja ipoe. Hata ningepika mimi mwenyewe ningengoja."

Nilingoja. Sitasahau kungoja kule, mvuke ukipungua juu ya kikombe. Nilipokishika na kuona kinavumilika, nikanywa yote bila kupumzika, nikageuza kikombe juu chini ili waone. Kisha nikamwomba mama mkwe awapatie wote. Shangazi akapokea, akangoja kidogo, akanywa. Wengi wakanywa. Jirani mmoja alisukuma kikombe chake chini ya kiti kwa mguu, taratibu, akiendelea kuniitikia kwa kichwa. Mimi nilimwona. Mama mkwe alimwona kabla yangu.

Mambo ni afadhali sasa. Kanisani wamemrudishia sufuria, ingawa bado ni ya mboga, ya chai hawajampa. Kwetu Busia chai inamiminwa na kufunikwa kwa sahani, kila mtu anaendelea na shughuli zake, na mgeni akishangaa tunamweleza sababu mpaka anajuta kuuliza. Nakula matunda ambayo zamani niliwaachia watoto. Wewe unayeugua, nakuomba mambo mawili tu. Ngoja chai yako ipoe. Na ukienda kwa daktari, maneno yake yarudishe nyumbani yakiwa mazima, hasa lile dogo linalokukera.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja siku ya soko akanisaidia kuanika dagaa waliopigwa na mvua. Tulipomaliza akaingia ndani kupika chai. Akaimimina, akaifunika, akaketi nayo mpaka ikawa vuguvugu. Halafu akainua kikombe changu, akanywa funda moja, akanipa.

Nikamwambia, "Mama, hapa ni kwako. Tuko sisi wawili tu. Hii kuonja iache, nakuomba."

Akanitazama bila hasira yoyote. "Wewe nilikuona ulipona," akasema. "Mimi bado."

Nikapokea kikombe kwa mikono miwili, nikanywa.